Niliwafundisha Wasiitike

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili ya Novemba, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi, naandika muda wa uji wa watoto, ndipo lori likapiga honi mbele ya uwanja. Piiii! Na watoto ishirini na wawili wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Mimi nikacheka.

Ndiyo, wasomaji, nilicheka! Mungu anisamehe.

Nina umri wa miaka kumi na saba. Nimemaliza kidato cha nne mwaka huu na nangoja majibu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Darasani nilikuwa najua jibu nanyamaza, mpaka mwenzangu anakosea ndipo najilaumu. Ndiyo maana naandika shajara, karatasi hainikodolei macho. Haya ninayowaandikia nimeyatoa humo, na kurasa nyingine zimelowa hata hazisomeki.

Kwetu ni kijiji kimoja si mbali na Usevya. Huu ni mwaka wa pili tangu watu wahamishwe kutoka kwenye mashamba yao ya zamani na kuja kukaa pamoja. Mvua zikikaribia, akina mama wote huenda shamba la ujamaa, na watoto wadogo huachwa kwenye kituo. Kituo chenyewe ni kibanda cha nyasi, jiko la mawe matatu na uwanja. Uwanjani kulikuwa na bembea ya tairi, na kichuguu kikubwa ambacho watoto walikuwa wakiteleza juu yake kwa magome ya mgomba mpaka kimeng'aa kama sahani.

Nyuma ya kituo, kama hatua mia hivi, kuna mashimo. Huko ndiko ulikochimbwa udongo wa matofali ya shule mpya. Mashimo mengine yana kina cha mtu mzima na maji ya kijani chini. Pembeni mwa mashimo lilisimama tanuri: matofali mabichi yamepangwa juu kama nyumba, chini yameachwa matundu marefu ya kuingizia kuni. Lilikuwa bado halijachomwa maana kuni zilikuwa hazijafika. Nyasi za kulifunika zilishapeperushwa na upepo.

Kabla yangu watoto walilelewa na Bibi Sesilia. Bibi huyu hajui hata kuandika jina lake, na ugoro haumtoki puani. Lakini wiki ya kwanza tu ya kituo aliwachukua watoto wote, wameshikana nguo kama treni, akawapeleka mpaka ukingoni mwa yale mashimo. Akawapa mabonge ya udongo watupe ndani. Dubwi! Wakasikiliza. Akawauliza, "Nani anataka kwenda huko lilikokwenda bonge?" Hakuna aliyetaka.

Nilipoambiwa hayo nilishika kichwa. Kuwapeleka watoto wadogo kwenye mashimo! Huo si ujinga?

Mwenyekiti wa kijiji naye alitaka kituo kiendeshwe na mtu aliyesoma, awe na ratiba, aandike mahudhurio. Basi nikapewa mimi, Resti. Bibi Sesilia hakukasirika. Alipiga chafya ya ugoro akasema, "Haya, karatasi imenishinda. Ila wewe msomi, usiwafungie sana. Mtoto asiyechubuka goti atajuaje kama ana goti?"

Watu walicheka. Mimi niliona ananidhihaki.

Wiki yangu ya pili mtoto mmoja aliteleza vibaya kutoka kichuguuni akapasuka kidevu. Damu haikuwa nyingi, lakini mama yake alikuja mbiombio na jembe begani, akanisema mbele ya watu: "Tulikuwa na mtu mzima, sasa tumeletewa kitoto kilee vitoto!" Nilitamani ardhi inimeze. Mwenyekiti akaniita pembeni, akaniambia taratibu tu, "Binti yangu, mtoto akiumia tena, utajibu wewe."

Utajibu wewe... Neno hilo nililala nalo.

Kesho yake nilichukua kisu cha jikoni nikakata kamba ya bembea. Nikapanga miiba juu ya kichuguu. Nikachora mstari kwa mti kuzunguka uwanja, nikawaambia watoto wakae ndani ya mstari, tuimbe na tuhesabu.

Waliimba siku mbili. Siku ya tatu walichoka. Mtoto ambaye hana pa kupanda wala pa kuteleza atafanya nini, jamani? Walianza kutoroka, na walitorokea wapi? Kwenye mashimo! Nilikuwa narudisha wawili, watatu wanatoka upande wa pili. Nilikonda. Kila nikifumba macho naona maji ya kijani.

Ndipo nikafanya lile jambo.

Wiki hiyo ilikuja Landrova ya wapima barabara. Watu wageni, wamevaa makoti ya kaki, wana vigingi na ndoo nyekundu. Watoto waliniuliza ni akina nani. Na mimi, msomi wa kidato cha nne, niliyefundishwa bayolojia na jinsi damu inavyozunguka mwilini, niliinama nikawanong'oneza: "Ni mumiani. Wananyonya damu za watoto. Wanakaa kule kwenye mashimo."

Uwanja wote ukawa kimya. Kimya kilikuwa kitamu! Sikuwahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu.

Ningeishia hapo labda... Lakini uongo ukisikilizwa hunoga. Nikaongeza. Niliwaambia mumiani anajua majina ya watoto wote. "Akikuita kwa jina lako, usiitike! Hata akiigiza sauti ya mama yako, hata ikiwa sauti yangu, usiitike. Jifiche mahali pa giza, ukae kimya, mpaka mimi mwenyewe nije nikushike mkono."

Tukafanya mazoezi. Naita, "Paskalia!" Kimya. "Deo!" Kimya. Mtoto wa Kipimbwe, kabila letu, hufundishwa tangu angali ananyonya kwamba akiitwa na mkubwa aitike haraka. Mimi nilikuwa nawafundisha kinyume, na aliyenyamaza vizuri nilimpigia makofi.

Aliyeshinda wote kwa kunyamaza alikuwa Skola.

Skola ni mtoto wa dada yangu Yustina, tumbo moja. Dada alizika watoto wawili kabla yake. Skola ndiye aliyebaki, miaka mitano, ana pengo mbele na anapenda kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mimi alikuwa ananiita mama mdogo. Baada ya lile zoezi alinirukia shingoni akasema, "Mama mdogo, mimi hata wakiniita mara mia siitiki!"

Nikamwambia, "Hodari."

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyevuka mstari. Akina mama walinisifu. Waliuliza, "Binti ana dawa gani?" Dada Yustina akanishika mkono, akaniambia sasa analima moyo umetulia. Mwenyekiti alinitaja mkutanoni. Lakini katika mkutano huo huo alisema jambo jingine. Alisema amesikia maneno ya mumiani yanazagaa, watu wanawakimbia wapima barabara wa serikali, na yeyote atakayekamatwa anayaeneza atapelekwa polisi Mpanda. Nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka mkutano ukaisha.

Basi turudi kwenye ile Jumatano.

Lori lilikuwa limeleta mbegu za mahindi kutoka Mpanda. Dereva alikuwa mtu wa Tabora, mzee kidogo, mnene, mcheshi, amevaa koti la kaki, jina lake Rashidi. Alishuka anafuta jasho kwa kofia yake. "Mwalimu, hujambo? Mbona watoto wako wananikimbia kama nimevaa ngozi ya chui?"

Nikacheka kwa aibu. Nilimwambia hawajazoea magari.

Watoto walikuwa wamejibana kibandani, wengine chini ya mikeka. Niliingia nikawagusa mikono mmoja mmoja, watoke wakanywe uji. Ishirini na mmoja. Nikahesabu kwa vichwa, nikahesabu kwa majina. Nikatazama chooni, nikatazama nyuma ya jiko.

Skola hakuwepo.

Nilikimbia moja kwa moja kwenye mashimo. Nilizunguka yote, maji yametulia, hakuna unyayo ukingoni. Nikaita, "Skola! Skolaaa! Ni mimi, mama mdogo!" Na nilipokuwa naita nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiniambia: hata ikiwa sauti yangu, usiitike...

Watu waliitwa kutoka shambani. Dada Yustina alifika hana kilemba, miguu ina udongo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Alikuwa amevaa ile gauni ya njano?" Nikasema ndiyo. Akaanza kuita. Wasomaji, mmewahi kumsikia mama anayeita mtoto wake wa mwisho? Wanaume walipiga madebe. Dereva Rashidi aliacha kushusha mbegu, akapanda juu ya lori akawa anaita kwa sauti yake nene iliyofika mpaka mtoni. Akapiga honi tena na tena, ati mtoto asikie aje.

Kila honi ilinipasua kifua. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kadiri wanavyoita ndivyo anavyozidi kujibana!

Ilikuwa kazi ndogo sana, jamani. Kusema maneno machache tu: "Acheni kuita. Hataitika, nimemkataza. Ingizeni mikono kila tundu." Mara ya kwanza nilimfuata mwenyekiti, nikafika karibu naye, akageuka na kuniuliza, "Unasemaje?" Nikasema nimekuja kuuliza kama wametazama mtoni. Mara ya pili nilimfuata dada. Nilimwona uso wake, nikarudi nyuma.

Mara ya tatu sikulazimika kumfuata mtu. Niliulizwa.

Saa sita Bibi Sesilia alikuja kituoni. Hakwenda kuita. Alikaa chini kati ya watoto, akawauliza kama anawauliza habari za kuku: "Mwenzenu kaenda wapi?" Paskalia, mtoto wa miaka sita, akamjibu, "Kajificha. Dada Resti alisema tukiitwa tusiitike, ni mumiani."

Bibi akainua macho. Dada Yustina alikuwa amesimama mlangoni, anakunywa maji. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake.

"Resti," bibi akaniita. "Ni kweli maneno haya?"

Nilikuwa na pumzi kifuani. Nilikuwa na ulimi. Nikasema, "Hapana, bibi. Watoto wanaota tu."

Paskalia alinitazama... Mtoto wa miaka sita alinitazama, kisha akatazama chini, kwa sababu mkubwa amesema.

Dada alirudisha kata kwenye mtungi akatoka kwenda kuita.

Saa nane mawingu yalikuwa meusi upande wa Rukwa. Ilikuwa mvua ya kwanza ya mwaka, ile inayoshuka kwa hasira. Ilipiga karibu saa mbili nzima. Watu waliita katika mvua, hata sauti haikwenda mbali. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya ukingo wa kibanda, nikaona tanuri kule nyuma likibadilika rangi, likawa jeusi. Kisha upande wake mmoja ukashuka taratibu, kama mtu anayekaa chini.

Matofali mabichi ni udongo tu. Yakilowa yanarudi kuwa udongo.

Saa kumi na moja dada yangu ndiye aliyeona kipande cha njano kwenye matope yale. Walimfukua kwa mikono. Alikuwa amekimbia honi hadi ndani kabisa ya tundu la kuni, mahali pa giza, amekunja magoti, kiganja kimefunika mdomo.

Siwezi kuandika zaidi juu ya hapo. Nimejaribu mara nne.

Lakini mabaya yalikuwa bado yanakuja. Dereva Rashidi alianguka magotini analia kama mtoto. Akasema, "Nilifika hapa! Asubuhi nilifika hapa hapa! Niliinama kwenye tundu hili nikaita, Skola, mwanangu, toka nikupe biskuti. Nikasikia kitu kimejisogeza, nikadhani mjusi. Mtoto gani anaitwa kwa jina lake asiitike?"

Alisema hayo kwa uchungu. Watu hawakusikia uchungu. Mmoja akauliza, jina la mtoto kalijuaje? Mwingine akasema, kumbe alijua alipo! Na watoto, waliokuwa wamejazana nyuma ya mama zao, walipoona lile jitu nene lenye koti la kaki limepiga magoti na mikono myekundu ya udongo, walipiga ukelele mmoja: "Mumiani! Mumiani!"

Walimpiga. Nilisikia meno yakivunjika. Mwenyekiti alipiga kelele, akashindwa, mwishowe wakamburuta wakamfungia kwenye ghala la kijiji, kwenye mbegu zile zile alizoleta. Vijana waliapa kwamba kukicha wataamua wenyewe, polisi wa Mpanda wako mbali na barabara imejaa maji.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi mmoja mnene ili nisionekane.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyie dada mnaoachiwa wadogo zenu, na nyie mama mnaowaachia. Sisemi watoto waachwe wafe kwenye mashimo. Mashimo ni mabaya, yafukiwe! Lakini mtoto lazima apande kitu, ateleze, aanguke, anyanyuke. Ukimwondolea kichuguu ataenda shimoni. Hatari umwonyeshe kama ilivyo, kwa jina lake, ukiwa umemshika mkono. Usimtishe kwa kitu kisichokuwepo kwa sababu tu ni rahisi na unapata kupumzika. Nilimlinda Skola na maji, nilimlinda na kichuguu. Sikumlinda na mdomo wangu. Kidevu kilichopasuka kilipona kwa wiki moja!

Na kama umeshatisha, sema. Sema saa ile ile, hata ukiaibika, hata wakikupeleka polisi. Aibu yangu iliokolewa saa sita mchana. Mtoto alikuwa hai saa sita mchana. Hesabu hiyo naifanya kila siku na jibu ni lile lile.

Kulipokucha nilikwenda kwanza kwa dada Yustina. Alikuwa chini, kwenye mkeka, kati ya wanawake, karibu na maiti. Nilipiga magoti nikamwambia, "Dada, si dereva. Ni mimi niliyemfundisha asiitike."

Wanawake waliacha kulia. Dada hakunitazama. Akaniuliza kwa sauti iliyokauka, "Jana bibi alipokuuliza mbele yangu... mtoto alikuwa bado anapumua?"

Nikasema, "Nadhani ndiyo, dada."

Alivuta khanga akajifunika uso. Kutoka ndani ya khanga akasema, "Usikae hapa. Nenda kawaambie wale wanaume kabla hawajamuua baba wa watu."

Nikaenda. Vijana walikuwa wameshafika ghalani, wana fimbo na mapanga, wanabishana nani avunje kufuli. Nilipita katikati yao, nikaegemeza mgongo kwenye mlango. Ndani nilisikia mtu anakohoa. Macho yote yalinigeukia, na mimi macho ya watu huniua. Nikasema nilichokuja kusema, kikatoka kidogo kama mbu.

"Anasemaje huyu?" mmoja akauliza. "Sema kwa nguvu, hatusikii!"

Nikarudia, kwa nguvu.